Vijidudu, Sanaa na Wajibu Wetu kwa Uumbaji

Katika somo hili tunajiuliza: je, kitu kinacholeta ugonjwa kinaweza kuchorwa kikawa picha nzuri?

Wasanii wamekwisha kujaribu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipenda pia kuchora kwa bakteria hai. Alipanda bakteria wa rangi mbalimbali katika sahani, akasubiri wakue, na picha ikajitokeza. Karibu nasi, Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, alichukua vielelezo vya kitabibu vya uvimbe wa mji wa mimba akavigeuza kuwa sura za wanawake.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatupa mwanga. Katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 39, anataja mambo matatu ya uzuri: ukamilifu, uwiano na mng'ao. Hapo hapo anafundisha kwamba picha huitwa nzuri ikionyesha kitu kikamilifu, hata kama kitu chenyewe kina sura mbaya. Kwa hiyo, kusifu picha si kusifu ugonjwa. Ni kukubali kuutazama ukweli.

Tukiutazama, tunaona uwezo mkubwa wa viumbe kuendana na mazingira. Ng'oa mche wa kunde shambani Kisarawe: kwenye mizizi utaona vinundu. Humo bakteria hugeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, na mmea nao huwapa sukari. Kibaha kuna kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kinachotumia bakteria kutengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu. Bakteria hao hutoa protini ambayo kiluwiluwi akiila, utumbo wake huharibika. Kijidudu kimekuwa msaada katika vita dhidi ya malaria.

Lakini uwezo huo huo unaweza kutugeukia. Tunapomeza antibiotiki kwa mafua, ambayo huletwa na virusi, au kununua vidonge bila kupima, bakteria dhaifu hufa, na wanaostahimili hubaki na kuzaana. Huo ndio usugu wa dawa. Bakteria hawana dhambi, maana hawana akili wala hiari. Sisi tunavyo, na hivyo wajibu ni wetu. Kesho mtoto wa jirani anaweza kukosa dawa ya kumponya kwa sababu ya uzembe wetu wa leo.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' (2015), namba 34, alikumbusha kwamba mazingira yanahitaji hata kuvu, wadudu na vijidudu visivyohesabika. Mungu hakuumba kitu cha kudharauliwa.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:

1. Ni kiumbe gani kidogo tunachokidharau, nacho kinatutunza?
2. Nyumbani kwetu tunatumiaje dawa, na nani anaumia tukizitumia ovyo?