Mana Haiwekwi Akiba: Kulitafakari Neno Kila Siku
Maandiko: Yoshua 1:8, Zaburi 1:1-3, Kutoka 16:14-30



Kila Januari tunafunga na kuomba, kanisa linajaa, na kila mtu ana mpango wa kumaliza Biblia kwa mwaka mmoja. Ukiuliza mwezi wa tatu, wengi wamekwama kwenye Mambo ya Walawi, na kwa aibu wameacha kabisa. Sidhani ni kwa sababu hawampendi Mungu. Mpango wenyewe ulikuwa wa kumaliza kurasa, haukuwa wa kula.

Mimi nilisoma biashara kabla ya kuingia kwenye huduma. Darasani tulifundishwa kwamba duka linaweza kuwa na mtaji mkubwa, mali imejaa hadi juu, na bado lifungwe kwa sababu pesa ya kila siku haizunguki. Kesha, mfungo, mkutano wa injili, huo ni mtaji, na Mungu asifiwe kwa mtaji. Lakini Jumatano saa nne asubuhi, karo haijalipwa na mdosi amekufokea mbele ya watu, unahitaji cha siku hiyo.

Sasa, kutafakari ni nini? Wengine wakisikia neno hilo wanafikiria mtu amekunja miguu, amefunga macho, anaondoa kila wazo akilini. Biblia inasema kinyume: tunajaza. Neno la Kiebrania kwenye Yoshua 1:8 na Zaburi 1:2 ni hagah, na maana yake ni kunong'ona, kunguruma kwa sauti ya chini. Isaya 31:4 inalitumia kwa simba anayenguruma juu ya mawindo yake. Simba huyo hana haraka, na ukimfukuza haondoki. Ndiyo maana Yoshua aliambiwa kitabu kisiondoke kinywani mwake. Kinywani, si kabatini.

Na usiseme hujui kutafakari. Zaburi 2:1 inatumia neno hilohilo kwa mataifa yanayowaza ubatili. Mtu anayelala akirudia deni moja usiku kucha, akiligeuza huku na huku mpaka jogoo awike, huyo anajua kutafakari vizuri sana. Amebadilisha chakula tu.

Tuangalie mana. Kila mtu aliokota pishi yake asubuhi, na jua likiwaka iliyobaki inayeyuka. Waliojaribu kuweka ya kesho walikuta mabuu, isipokuwa ile ya siku ya sita iliyowekwa kwa ajili ya Sabato. Watu wengi huishia kwa hofu ya kula mana ya jana. Lakini mimi naona kuna upande mwingine tunaousahau: hakuna mahali Mungu aliwadai Waisraeli waokote mana ya siku iliyopita. Ukikosa Jumanne, Jumatano usijilimbikizie sura za siku mbili. Hilo ndilo linaloua mipango mingi, deni linakua mpaka mtu anaogopa hata kufungua Biblia. Okota ya leo.

Kuhusu saa, usitafute saa mpya kama siku yako imejaa. Funga Neno kwenye kitu ambacho tayari unafanya. Isaka alitoka kwenda shambani jioni kutafakari (Mwanzo 24:63). Danieli alikuwa na chumba chake na nyakati zake tatu. Wewe labda ni ile nusu saa githeri inachemka, ama foleni ya matatu, ama watoto wakishaenda shule. Dakika kumi zinatosha kuanzia. Simu ikae mbali, hata kama Biblia iko ndani yake, kwa sababu jumbe za kikundi cha harusi ziko ndani pia. Andika mstari kwa mkono wako kwenye karatasi na utembee nao.

Nilimtembelea ndugu mmoja baada ya upasuaji wa macho. Amefungwa bendeji, hawezi kusoma chochote. Nilifungua Biblia nimsomee Zaburi 121, na kabla sijaanza akaanza yeye, polepole, mstari kwa mstari, hadi mwisho. Mgonjwa wa kitanda cha pili akamwomba airudie. Ndugu huyu ni fundi viatu. Alikuwa akibandika mstari mmoja kwa wiki kwenye ukuta wa kibanda chake, na zaburi hiyo ina mistari 8. Kwa hivyo ni wiki 8 za kupiga msumari huku akinong'ona.

Basi tuanze pamoja na Zaburi 119. Ina mistari 176, imegawanywa katika mafungu 22 kufuata herufi 22 za Kiebrania, na kila fungu ni mistari 8. Siku moja, fungu moja. Lisome kwa sauti mara mbili, chagua mstari mmoja wa kubeba, kisha ugeuze kuwa ombi kabla hujalala. Tukianza kesho Jumatatu, tutamaliza Jumatatu ya wiki ya nne. Viongozi wa vikundi vya nyumbani, Alhamisi msiulize nani amesoma na nani hajasoma. Ulizeni kila mmoja amebeba mstari gani leo, na asiye na wake apewe wa jirani.