Somo kwa Makatibu: Kuchagua Rafadha ya Mashua Kuukuu



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuona mkaguzi akaaye Hanga, mahali pa mahindi na tumbaku, akiandika habari za mashua. Kutoka hapa hadi Ziwa Nyasa ni lazima kupita Songea, kuvuka milima ya Mbinga, kisha kuteremka Mbamba Bay. Lakini vitabu vya vyama vya wavuvi hukaguliwa kama vitabu vya vyama vya mazao, na somo hili nilianza kulipata katika vitabu hivyo kabla sijalipata majini.

Chama kimoja cha kando ya ziwa, ambacho jina lake nalihifadhi, kilinunua mashua kuukuu ya matembezi pamoja na injini yake ya nguvu za farasi 40. Mwenyewe wa kwanza alikuwa akiitumia siku za mapumziko, yeye na mwenziwe mmoja. Chama kikaipa kazi nyingine kabisa: kubeba nyavu, watu sita na magunia ya usipa mkavu. Katika daftari la petroli nikaona kuwa kila safari ya kwenda sokoni na kurudi ilikula lita 30, ambapo Bodi ilikuwa imekadiria 20. Wanachama walikwisha kata shauri kwamba nahodha anauza petroli, na alikuwa ameachishwa kazi kabla sijafika. Akaajiriwa nahodha wa pili, na lita zikabaki 30 zile zile. Hapo nikafunga daftari, nikaomba nipande mashua.

Kosa lilikuwa katika rafadha, yaani lile panga lizungukalo chini ya injini, ambalo wengi huliita propela.

Rafadha huingia majini kama skrubu iingiavyo katika ubao. Kwenye kitovu chake zimegongwa tarakimu mbili, kwa mfano 11 × 13, zote kwa inchi. Ya kwanza ni kipenyo. Ya pili ni hatua, maana yake umbali ambao rafadha ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama ubao. Kwa kuwa maji si ubao, sehemu ya mwendo hupotea kwa mtelezo. Mashua nyepesi yenye rafadha iliyoifaa hupoteza yapata sehemu moja hadi mbili katika kumi. Mashua iliyolemewa hupoteza zaidi.

Hatua ndefu ni kama gia kubwa ya lori, na hatua fupi ni kama gia ndogo. Hakuna dereva mwenye akili apandaye milima ya Mbinga na shehena ya mahindi kwa gia kubwa. Hata hivyo ndivyo chama kile kilivyokuwa kikifanya kila siku majini, kwa kuwa rafadha ya hatua ya inchi 13 iliwekwa kwa ajili ya watu wawili wanaotaka kwenda mbio.

Kudhani kuwa kikubwa ndicho bora ni kosa la zamani. Francis Pettit Smith, mkulima wa Uingereza aliyepata hataza ya rafadha yake mwaka 1836, alijaribu mashua yenye skrubu ndefu ya mti. Mwaka 1837 skrubu hiyo ikavunjika majini na nusu yake ikapotea. Mashua haikusimama, bali ilizidi mwendo.

Basi Katibu atajuaje rafadha ifaayo? Kila injini ina kijitabu chake kinachotaja mizunguko kwa dakika inayotakiwa mkono wa petroli ukifunguliwa wote. Injini nyingi kuukuu zichanganyiwazo oili na petroli hutakiwa kufika kati ya 4,500 na 5,500. Azimeni kwa fundi kifaa cha kuhesabu mizunguko, ambacho waya wake huzungushwa juu ya waya wa plagi. Pakieni mzigo wa kila siku, wala msipime mashua tupu, kwa maana mashua tupu itawadanganya. Nendeni mahali maji yametulia, fungueni petroli yote, msome. Ikiwa mizunguko ni pungufu, hatua ni ndefu mno: injini inalemewa, inapata joto, inajaza masizi na mwishowe huua pistoni. Ikiwa imezidi, hatua ni fupi mno na injini inajichosha bure. Kila inchi moja ya hatua hubadili mizunguko kwa kadiri ya 150 hadi 200.

Injini ya chama kile ilifika 3,900 tu. Tulitaka ikaribie 4,800, yaani nyongeza ya 900. Tukigawa kwa 200 tunapata inchi nne na nusu. Ikapatikana rafadha ya hatua ya inchi 9, mizunguko ikafika 4,700, na safari ile ile ikala lita 22 au 23. Barua ya kumwita nahodha wa kwanza iliandikwa. Alikwisha kwenda kulima muhogo kwao, na hakurudi.

Lakini kabla ya kununua, hakikisheni kwamba kosa si la kitu kingine. Mashua kuukuu hunywa maji ikawa nzito, na chini yake huota majani. Isafisheni na kuikausha kwanza. Plagi na kabureta zitazamwe. Tena, ndani ya kitovu cha rafadha nyingi mna mpira, na ukichakaa, injini hupiga kelele na mashua haiendi. Pigeni mstari wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje. Mkirudi mkakuta mstari umeachana, mpira umekwisha. Rafadha iliyopinda hutetemesha mashua na kuharibu sili, na oili ya giaboksi huwa nyeupe kama maziwa.

Urefu kutoka usawa wa bahari nao una neno lake. Ziwa Nyasa liko yapata mita 475 juu ya bahari, na injini hupoteza kiasi cha asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Rafadha iliyofaa Dar es Salaam huenda ikawa nzito kidogo kwetu.

Rafadha ya zamani msiiuze. Iwekwe ndani ya mashua pamoja na pini za akiba na spana yake, kwa kuwa upepo wa Mwera ukivuma haungoji mtu apeleke mashua kwa fundi. Na mizunguko iliyopimwa, pamoja na uzito wa mzigo wa siku hiyo, iandikwe katika muhtasari wa Bodi, ili mkaguzi ajaye aikute.

Zoezi la kikundi: Injini inazunguka mara 4,800 kwa dakika, na rafadha huzunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya injini. Hatua ni inchi 10, na inchi moja ni sentimita 2.54. Bila mtelezo mashua ingekwenda karibu kilomita 36 na nusu kwa saa. Onyesheni jinsi hesabu hiyo ilivyopatikana. Kisha, ikiwa mashua yenu kwa kweli yaenda kilomita 24, tafuteni ni asilimia ngapi iliyopotea kwa mtelezo.