Matanga yaliisha, mlio ungalipo

SWALI: Daktari, mimi ni kijana wa miaka 26, wa hapa Itumbe. Kazi yangu ni kukodisha na kusimamia mitambo ya muziki kwenye harusi, harambee na matanga. Wiki tatu zilizopita nilikesha matangani kando ya spika, tangu saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kulipokucha masikio yalikuwa kama yamejazwa pamba. Hali hiyo iliisha kesho yake, lakini umebaki mlio, nziii, masikio yote mawili, na nikilala ndipo unapozidi. Nimenunua dawa ya matone dukani, haikusaidia. Je, nitapona? Na je, niache kazi?

JIBU: Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Huenda ukapona kabisa. Na hata mlio usipokwisha wote, walio wengi hufika mahali, baada ya miezi kadhaa au mwaka hivi, wakawa hawausikii mpaka wautafute. Kuhusu kazi, usiiache. Kinachopaswa kubadilika ni mahali unaposimama ukiifanya, tena kabla ya matanga yajayo.

Ndani kabisa ya sikio mna kijumba kilichojipinda kama gamba la konokono, na ndani yake seli zenye vinywele, kama 15,000 kwa kila sikio. Sauti ikiingia, vinywele hivyo huyumba kama shamba la majani chai upepo unapopita, na kila kikiyumba, habari hupelekwa kwenye ubongo. Usiku ule vyako vililazwa. Vingi viliinuka ndani ya siku moja au mbili, ndiyo sababu ile pamba ilitoka. Vilivyovunjika haviinuki tena.

Hapa kuku ametuzidi. Mwaka 1988 watafiti walionyesha kwamba kuku akiharibiwa seli hizi kwa kelele, nyingine huota mahali pake. Jogoo wa bomani mlikokesha, hata akiwa alilala chini ya spika ileile, ana nafasi ya kuzirudisha seli zake ndani ya wiki chache. Binadamu hana bahati hiyo, na hakuna kidonge, mafuta wala mzizi unaoziotesha. Kwa hiyo usishangae matone yako kushindwa. Matone huishia kwenye ngoma ya sikio, na tatizo lako liko ng'ambo ya pili.

Mbona basi kinachosikika ni mlio na si kimya? Umewahi kuwa kwenye matatu inayoteremka bondeni, Egesa FM ikaanza kukatikakatika, dereva akaongeza sauti. Maneno hayaji, kinachokuja ni mkwaruzo, na mkwaruzo wenyewe sasa ni wa nguvu. Ubongo hufanya kama dereva huyo. Habari kutoka sikioni zikipungua, huongeza sauti ili uzipate, na matokeo yake unasikia mkwaruzo wake wenyewe. Kitaalamu huitwa tinitasi. Si wazimu, na hata wakikuambia eti unasengenywa, usihangaike kumtafuta msengenyaji.

Habari njema ni kwamba ubongo uleule unaweza kufundishwa kuupuuza. Adui wa mafunzo hayo ni kimya. Wengi wenye tatizo hili hujifungia chumbani usiku, wanazima kila kitu, kisha wanategea mlio kama mtu anayetegea mwizi dirishani. Kadiri unavyoutegea, ndivyo ubongo unavyoamini kuwa ni jambo la hatari. Lala na sauti ndogo karibu nawe: redio iliyofunguliwa kwa chini sana, feni, au ukitaka ya bure, mvua juu ya mabati, ambayo huku kwetu haichelewi kuja. Sauti hiyo isiuzime mlio kabisa. Ichanganyike nao tu, hadi sikio lisijue lishike upi. Mchana endelea na shughuli zako, na usitembee umeziba masikio sokoni au nyumbani kwa kuogopa kelele za kawaida. Ukifanya hivyo, sikio huzidi kuwa jepesi la kuumizwa na sauti ndogo. Na chai yako kunywa. Kuna wanaoshauriwa waiache, lakini ushahidi wa kwamba chai huleta mlio ni hafifu mno kwa mtu wa Itumbe kuteseka kwa ajili yake. Usingizi mbovu na wasiwasi ndivyo vinavyoupalilia. Ukiona mlio umekutia huzuni au hofu isiyokwisha, mwambie daktari waziwazi. Tiba ya mazungumzo, ya kubadili namna unavyoufikiria mlio, ndiyo yenye ushahidi mzuri kuliko dawa yoyote inayouzwa kwa jina la tinitasi.

Hata hivyo nataka upimwe. Nenda katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, au nyingine yoyote iliyo na kliniki ya masikio, pua na koo. Kwanza watachungulia kama ni nta iliyoziba, maana nta pekee inaweza kuleta mlio, na ikitolewa unaondoka ukicheka. (Itolewe na wao. Njiti ya kiberiti, ufunguo na unyoya wa kuku huisukuma ndani, na mara nyingine hutoboa ngoma.) Kisha utavalishwa vipokea sauti na kupimwa sauti za juu na za chini. Kelele huacha alama yake: kipimo hushuka kwenye sauti nyembamba, halafu hupanda tena kidogo. Mtu wa namna hii huwasikia watu wakiongea, ila maneno hayamkai vizuri palipo na kelele, hasa yenye "s" na "f". Akitajiwa namba ya kutumia pesa anauliza "eti?" mara tatu. Wateja wakianza kukucheka kwa hilo, usidhani ni uzembe wako.

Waambie pia dawa ulizotumia karibuni. Wazee waliotibiwa malaria kwa kwinini enzi zile wanaujua mlio huu vizuri, kwa sababu kwinini yenyewe huuleta, ingawa mara nyingi ulikwisha dozi ilipokwisha. Aspirini nyingi pia huuleta, nayo sindano ya jentamaisini inaweza kuharibu sikio moja kwa moja.

Kuna wakati ambao si wa kusubiri kliniki wala mimi. Sikio moja likipoteza kusikia ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa za steroidi husaidia zaidi zikianzwa mapema, na wiki mbili zikipita faida yake hupungua sana. Vilevile usikawie ukiona mlio uko upande mmoja tu, au unadunda sawa na moyo, au umekuja na kizunguzungu kikali, usaha au uso kulegea upande mmoja. Wewe hujasema lolote kati ya hayo, nami nashukuru.

Sasa kazi. Sauti hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake ni ya kikatili: zikiongezeka 3 tu, nguvu inayopiga sikio huwa maradufu, kwa hiyo muda ulio salama hukatwa nusu. Kwa kipimo cha NIOSH, taasisi ya Marekani inayochunguza afya ya wafanyakazi, desibeli 85 mtu anaweza kukaa nazo saa 8 kwa siku. Kwa 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2. Zikifika 100, zimebaki dakika 15. Mbele ya spika za matanga, 100 si jambo la kustaajabisha. Wewe ulikaa saa 8, yaani dakika 15 mara 32. Mgao wa siku 32 uliumaliza kwa usiku mmoja.

Lakini hesabu hiyohiyo ndiyo itakayokuokoa. Mahali pa wazi, kila unapouzidisha mara mbili umbali wako na spika, sauti hupungua kama desibeli 6. Ukitoka mita 1 hadi mita 4, zile 100 zinakaribia 88, na dakika 15 zinageuka saa 4. Nunua nyaya ndefu, meza yako na amplifaya iwe pembeni au nyuma ya spika, wala si mbele yake. Mgongo wa spika hautoi sauti nyembamba kama uso wake, nazo ndizo zilizokuumiza.

Kisha vizibo vya sponji, ambavyo huuzwa kwenye maduka ya dawa na ya vifaa vya ujenzi. Vingi huvaliwa vibaya. Kisokote kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama penseli, pitisha mkono mwingine nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kiingize, ukishikilie hadi kivimbe. Ukikiona kimetokeza nusu, hujavaa kitu. Pamba ni mapambo tu. Na kila baada ya saa moja nenda wanakopika au nyuma ya nyumba, ukakae robo saa. Mwenye boma hatakudai.

Wenzako wa kiwanda cha majani chai hapo Itumbe wana kanuni za mwaka 2005 zinazomkataza mwajiri kuwaweka kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8. Wewe mwajiri wako ni wewe, na hakuna wa kukukumbusha. Kwa upande wa majirani, kanuni za mwaka 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira, zinaruhusu desibeli 35 usiku kwenye makazi ya watu. Hiyo ni kama mnong'ono. Sijahudhuria matanga yenye spika yaliyoikaribia, na sidhani chifu wenu amewahi. Babu zetu walikesha na obokano, nyuzi 8 na mvumo mzito, na aliyetaka kusikia vizuri ilibidi asogee karibu. Siku hizi ni wa karibu anayepaswa kurudi nyuma. Sikuombi uuze spika ukanunue obokano, punguza tu sauti watoto wanapocheza mbele yake, kwa sababu wao ndio hupenda kuliegemea lile boksi wasikie kifua kikitetema.

Siku ya kipimo usiende ukitoka kazini. Masikio yanahitaji kupumzika mbali na kelele angalau saa 14 kabla yake. La sivyo watapima uchovu wa jana wakidhani ni ugonjwa. Chagua siku ambayo usiku wake hukukodishwa, na uende na orodha ya dawa zako.