SOMO LA MRADI: Mabaki ya Jikoni na Idadi ya Kuku



Maandiko ya miradi ya kuku yanayoletwa ofisini yana sentensi moja inayofanana: "Chakula si tatizo, kuku watakula mabaki ya jikoni." Sentensi hiyo ina ukweli ndani yake. Ina hatari pia, na mimi ni mmoja wa walioiandika, hivyo somo la toleo hili ni kuhusu sentensi hiyo.

Miaka kadhaa iliyopita niliandaa andiko kwa ajili ya familia 20 za mtaa mmoja upande wa Ilula. Kila familia ilipata matetea 10 na majogoo 2. Tulikabidhi kuku mwezi wa saba. Mahindi yalikuwa ndani, nyanya zilizokataliwa na wafanyabiashara zimerundikana kando ya barabara kuu, na watoto walikuwa wanasaza ugali. Picha tulizowatumia wafadhili zilikuwa nzuri sana. Niliporudi mwezi wa pili nilikuta kuku wanne au watano kwa kila nyumba, wamekonda, na vifaranga hakuna. Nikauliza kama mdondo ulipita. Mama mmoja, mzee wa kanisa, akanijibu kwa upole: "Hapana, ndugu mratibu. Mwezi huu sisi wenyewe hatulazi kiporo. Kuku nimlishe nini? Wengine tumewauza wakiwa bado wana uzito."

Kwenye andiko langu hapakuwa na mwezi wa pili.

Tufanye hesabu ambayo nilipaswa kuifanya mapema. Kuku mzima anahitaji takribani gramu 100 za chakula kikavu kwa siku. Wa kienyeji mdogo anaweza kupungukiwa kidogo. Kuku 12 basi wanahitaji zaidi ya kilo moja kila siku. Chukua familia ya watu sita inayobakiza nusu kilo ya ugali jioni, na hiyo ni familia iliyoshiba. Karibu theluthi mbili ya ugali ni maji. Kinachobaki ni kama gramu 170, yaani hakitoshi hata kuku wawili. Sehemu kubwa ya chakula kuku anajitafutia mwenyewe: wadudu, mchwa, mbegu za majani, punje zilizomwagika wakati wa kupukuchua. Ndiyo maana bibi zetu walifuga kuku watano au sita bila kununua chakula, na wakizidi sana walipungua wenyewe kwa njaa, mwewe na magonjwa. Aidha, ikumbukwe kwamba familia 20 zinazopakana hazina viwanja 20 vya wadudu. Kuku wa jirani anaparua palepale anapoparua wa kwako. Tulipoleta kuku 240 kwa siku moja tuliwagawia shibe iliyokuwa ya kuku wachache.

Jambo la pili ni aina ya chakula. Ugali, ukoko wa wali, maganda ya viazi yaliyochemshwa na pumba hutia nguvu, lakini havijengi yai. Mahindi yana protini ya asilimia 8 hadi 9 tu, wakati kuku anayetaga anahitaji kama 16. Kuku aliyejazwa ugali hunenepa na kutaga kwa kusuasua. Changanya na vichwa vya dagaa vilivyopondwa, mchwa, majani ya mchicha au kunde, na mashudu ya alizeti kutoka kwenye mashine ya kukamulia mafuta. Maganda ya mayai yakaushwe juu ya jiko na kusagwa kabisa. Hayo ni chokaa, nayo inahitajika kutengeneza ganda jipya, lakini ukimpa kuku vipande vikubwa anajifunza kula mayai yake.

Nyanya mbivu zilizopasuka ni chakula kizuri, ila ziwe zimepita siku zilizoandikwa kwenye lebo tangu kupigwa dawa. Kwetu Ilula hili si jambo dogo. Majani ya nyanya na viazi vilivyogeuka kijani vina sumu. Maharage mabichi vilevile, yapikwe kwanza. Ganda na kokwa la parachichi visiwafikie kuku, na mabaki yenye chumvi nyingi, kama maji ya samaki wa chumvi, yamwagwe mbali.

Kuhusu mahindi yaliyoota ukungu naomba tukae kidogo. Desturi yetu ni kuyachambua na kusema, "Haya ni ya kuku." Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kutokana na sumukuvu iliyokuwa kwenye chakula. Sumu ileile huharibu ini la kuku, hasa kifaranga, na haiondoki kwa kupika wala kwa kuanika upya. Mara nyingi kifaranga aliyedumaa na kufa polepole huandikwa kwamba amekufa kwa "ugonjwa usiojulikana". Mahindi ya namna hiyo yafukiwe.

La hatari zaidi linatokana na nyama ya kuku wenyewe. Sikukuu inakuja, tunanunua jogoo mnadani, tunamchinja uani, na manyoya, utumbo na maji ya kumwoshea tunawamwagia kuku wetu. Kama jogoo yule alikuwa na mdondo, ambao wengine huuita kideri, tumeuleta nyumbani kwa mkono wetu. Kuku wasiochanjwa wanaweza kwisha karibu wote ndani ya siku chache. Tuchimbe shimo, tufukie. Chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha haihitaji ubaridi mkali kama chanjo za zamani. Ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Mtaa mzima uchanje siku moja, kwa sababu kuku hawajui mipaka ya viwanja.

Baadhi ya marafiki zetu wa Ulaya hushangaa kuona tunafundisha jambo ambalo kwao limekatazwa. Wana sababu. Mwaka 2001 Uingereza ilipata mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo uliohusishwa na nguruwe waliolishwa mabaki ya chakula ambayo hayakuchemshwa, na zaidi ya wanyama milioni 6 waliuawa ili kuuzima. Tangu hapo mabaki ya jikoni ya nyumba za kawaida huko hayaruhusiwi kulishwa hata kuku wachache wa uani. Sisi hatuwezi kuwaambia watu wetu wanunue chakula cha dukani kwa kuku wa kienyeji anayetaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, bei haitarudi. Tunachoweza ni kuchemsha upya mabaki ya jikoni za shule na za sherehe, na kutochukua kamwe mabaki ya wodini.

Niliulizwa pia kwenye semina kuhusu machicha ya komoni. Kuku wanaweza kula machicha mabichi ya siku hiyo, kidogo, yakichanganywa na pumba. Mchungaji aliyekuwepo alicheka na kusema yeye anashughulika na wanaokunywa kile kilichochujwa.

Namna ya kulisha: weka chakula kwenye chombo kinachooshwa, si juu ya kinyesi. Asubuhi wape kidogo ili watoke kutafuta, jioni wape zaidi ili warudi bandani. Vifaranga wapewe peke yao chini ya tenga, kwa kuwa wakubwa huwanyang'anya. Kinachobaki kiondolewe kabla ya giza, la sivyo mnafuga panya. Nyuzi za viroba na vipande vya nailoni vichambuliwe.

Sasa ombi langu kwa kamati. Kabla ya kuandika idadi ya kuku, chagueni nyumba tano, zikiwemo za wajane. Kila nyumba ikusanye mabaki yake kwenye bakuli moja kwa siku saba mwezi wa saba, na tena siku saba mwezi wa pili, na mtu mmoja ayapime kwa mizani. Bakuli la mwezi wa pili ndilo litakaloamua idadi. Likiwa tupu, ombeni matetea matatu, tenga la vifaranga, fedha ya chanjo ya mwaka mzima na gunia la mashudu la kuvusha miezi ya njaa. Andiko hilo litakuwa na fedha kidogo na picha chache, na ninawaomba wafadhili walipokee hivyo.

Familia zile 20 bado tunazitembelea. Yule mama ana kuku saba, na ameniambia hataki wa nane mpaka avune.