Sungura anayeumwa tumbo mara kwa mara: Chunguza kwanza unachomlisha

 

Leo tunazungumzia mnyama mdogo ambaye siku hizi yumo katika nyumba nyingi za mijini, naye ni sungura. Wengi humnunulia mtoto awe mwenzake wa kucheza. Miezi miwili mitatu hupita vizuri, kisha asubuhi moja anakutwa amejikunyata pembeni mwa banda, hali, hanywi, tumbo limejaa. Anapewa hiki na kile, anapata nafuu. Baada ya wiki tatu hali hurudi vilevile. Watu wa nyumbani husema, "Huyu sungura ni mgonjwa mgonjwa tu, ndivyo alivyo." Mara nyingi si kweli. Maradhi yanayorudi yana sababu inayorudi, na kwa sungura sababu hiyo mara nyingi imo ndani ya sahani yake.

Amana iliyomo bandani

Kabla ya kuingia katika dawa, tukumbushane jambo moja. Imepokewa katika Bukhari na Muslim habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie chakula chake katika ardhi. Zingatia hilo la mwisho. Mnyama aliye huru hujitafutia riziki aliyopangiwa na Mola wake. Sungura wa porini hula nyasi siku nzima, akachagua hili na kuacha lile. Ukimweka bandani umemwondolea uchaguzi huo, na sasa wewe ndiye unayemchagulia. Kwa hiyo kumjazia sahani hakutoshi ikiwa kilichomo kinamdhuru.

Tumbo la sungura linavyofanya kazi

Tumbo la sungura halifanani na letu, wala na la mbuzi. Chakula kikipita tumboni na kwenye utumbo mwembamba hufika katika mfuko mkubwa ulioko mwanzoni mwa utumbo mpana. Humo wamo bakteria wengi wenye manufaa ambao huyachachusha majani na kuyageuza kuwa lishe. Nyuzinyuzi ngumu za nyasi ndizo zinazousukuma utumbo uendelee kutembea. Zikikosekana, utumbo hupunguza mwendo. Ukipunguza mwendo, chakula hukauka tumboni, gesi hujaa, mnyama husikia maumivu, na kwa maumivu hayo huacha kula kabisa. Akiacha kula, utumbo unazidi kusimama. Hivyo ndivyo sungura anavyoweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Yako mambo mengine mawili ya kufahamu. Kwanza, sungura hawezi kutapika. Kilichoingia hakina njia ya kurudi. Pili, sungura hutoa choo cha namna mbili. Kipo kikavu cha vidonge vya mviringo, kiasi cha punje ya kunde. Kipo pia choo laini, kama kishada kidogo cha zabibu, ambacho hukila chenyewe kikitoka. Usishangae wala usimzuie. Choo hicho kina vitamini na protini alizotengenezewa na wale bakteria, na ndivyo Allah (SW) alivyomuumba.

Makosa ya chakula

Katika nyumba zetu sungura hulishwa mabaki: mkate, kipande cha chapati, ugali, wali, pumba za mahindi, maganda ya ndizi, biskuti za mtoto, na karoti kwa wingi kwa sababu picha za vitabuni zinamwonyesha akila karoti. Vyakula hivi vina wanga na sukari nyingi na nyuzinyuzi chache. Bakteria wabaya hunufaika navyo, gesi ikazidi na choo laini kikaharibika kikawa uji unaonata makalioni. Pumba zilizoingia kuvu ni hatari zaidi, kwani sungura huathirika upesi sana kwa sumu ya kuvu.

Chakula cha sungura mzima kiwe hivi:

1. Nyasi, mbichi au kavu, zisikosekane bandani usiku na mchana. Katika kila sehemu 10 za chakula chake, 8 au zaidi ziwe nyasi. Ukoka na majani ya tembo vinafaa. Ukitaka kukausha, zitandaze kivulini na kuzigeuza mpaka zikauke kabisa, kisha zihifadhi ndani ya gunia mahali pakavu. Zikitoa harufu ya uvundo au zikionyesha ukungu, zitupe.

2. Mboga za majani, kiasi cha konzi moja au mbili kwa siku, za kubadilisha badilisha: kotimiri, matembele, kishona nguo, majani ya karoti. Kabichi humletea baadhi yao gesi. Kwa sungura mwenye maradhi ya tumbo, iache kabisa.

3. Chakula cha punje kinachouzwa madukani, kijiko kimoja au viwili vya mezani kwa siku kwa sungura wa kilo 2. Sungura anayejazwa punje huacha nyasi.

4. Karoti au tunda, kipande kisichozidi ncha ya kidole gumba, tena si kila siku. Kwa yule anayeumwa mara kwa mara, usimpe kabisa mpaka tumbo litulie kwa wiki kadhaa.

5. Maji safi wakati wote. Sungura wa kilo 2 aweza kunywa kiasi cha robo lita kwa siku, na zaidi wakati wa joto. Asiyekunywa maji hukauka tumbo.

Usimpe majani ya parachichi, ya nyanya, ya viazi mviringo wala ya mihogo. Hayo ni sumu kwake. Usimkatie nyasi mahali palipopuliziwa dawa ya wadudu au ambapo mbwa huenda haja. Nyasi zilizokatwa kwa mashine na kurundikwa huchacha upesi, nazo usimpe.

Ukibadilisha chakula, badilisha taratibu kwa muda wa siku 7 hadi 10. Ongeza nyasi leo, punguza mkate na pumba kesho, mpaka viishe. Badiliko la ghafla lenyewe huweza kuleta maradhi.

Ikiwa chakula ni sahihi na bado anaumwa

Tazama meno. Meno ya sungura huota maisha yake yote, na husagwa kwa kutafuna nyasi. Asipotafuna vya kutosha, ya nyuma hutokeza ncha zinazomchoma ulimi na mashavu. Dalili zake ni kidevu kulowa mate, kukiendea chakula kisha kukiacha, kuchagua vilaini tu na kukonda. Meno ya nyuma hayaonekani kwa kumfungua mdomo nyumbani. Mwombe daktari wa mifugo ayaangalie kwa kifaa.

Tazama joto. Sungura huvumilia baridi kuliko joto, na joto likizidi nyuzi 30 huanza kutaabika. Banda la bati lililoko juani katika miji ya pwani ni adhabu. Liweke kivulini penye upepo.

Tazama hofu. Mbwa anayelizunguka banda, watoto wanaomkimbiza na kumbeba kwa masikio, kelele za muziki usiku, yote haya huweza kuusimamisha utumbo wake.

Tazama manyoya. Wakati wa kupukutisha manyoya humeza mengi anapojiramba. Mpige brashi kila siku. Watu husema nywele ndizo zimeziba tumbo, lakini mara nyingi utumbo umekwisha kusimama kwanza kwa kukosa nyasi na maji, kisha nywele zikakauka humo.

Tazama umri. Kwa wadogo, hasa baada ya kuachishwa ziwa, kuharisha na kuvimba tumbo huweza kuwa koksidiosisi. Vimelea vya ugonjwa huu hutoka na kinyesi, lakini haviambukizi papo hapo. Huhitaji kwanza kukaa nje siku moja au zaidi kwenye unyevu. Kwa hiyo anayeondoa kinyesi kila siku huukata mzunguko wa ugonjwa kabla haujakamilika. Dawa nyingi za kawaida za kusafishia haziviui. Maji yanayochemka na jua kali ndivyo vinavyosaidia. Tiba yake ipo, lakini itolewe baada ya kinyesi kupimwa.

Hatari ya dawa za kabatini

Hapa ndipo wengi huwaua sungura wao kwa nia njema. Mnyama akiumwa, mtu hufungua kapsuli ya amoksilini iliyobaki kabatini, akaikoroga na maji na kumnywesha. Amoksilini, ampisilini, penisilini ya kunywa, klindamisini na linkomisini huua wale bakteria wema wa utumbo wa sungura, na wabaya wenye sumu hushika nafasi yao. Mnyama huharisha na kufa baada ya siku chache, na mwenye nyumba hudhani ni ule ugonjwa wa mwanzo. Usimpe pia dawa za binadamu za kuzuia kuharisha, dawa za kuendesha, maziwa wala soda.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Lakini dawa ya mmoja yaweza kuwa sumu ya mwingine, na kumuuliza mwenye ujuzi ni sehemu ya kuitafuta dawa hiyo.

Ufanye nini akisimama kula

Sungura ambaye hajala wala kupata choo kwa saa 12 ni mgonjwa wa dharura. Usisubiri kesho. Anayeharisha maji, au ambaye tumbo limekaza kama ngoma, au anayesaga meno huku amejikunyata na macho nusu yamefumba, apelekwe saa hiyo hiyo kwa daktari wa mifugo. Ikiwa humjui, bwana mifugo au bibi mifugo wa kata yako atakuelekeza. Daktari anaweza kumpa dawa ya maumivu, maji ya kumrudishia nguvu, na dawa ya kuusukuma utumbo baada ya kuhakikisha haujaziba.

Wakati unajiandaa kwenda, mweke mahali patulivu. Ikiwa masikio yake ni ya baridi, mwekee karibu chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa. Mpe maji na majani mabichi yenye harufu, kama kotimiri, lakini usimlazimishe. Kumlisha kwa bomba la sindano lisilo na sindano hufanywa kwa maelekezo ya daktari tu, na kamwe si kwa tumbo lililokaza.

Anayeugua mara kwa mara awe na daftari. Andika tarehe aliyougua, alichokula siku mbili kabla, hali ya choo, joto la siku hiyo na uzito wake kila wiki. Baada ya mara tatu nne utaona kinachojirudia. Pengine kila alipougua ilikuwa siku moja baada ya wageni, na watoto walimpa keki. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

Usafi wenu nanyi

Choo cha sungura kisifike mahali pa kuswalia. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafii, ambamo mkojo na kinyesi cha mnyama ni najisi hata kama nyama yake ni halali. Banda liwe mbali na jiko. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wamshikapo. Sungura huweza kuwaambukiza mapunye, hivyo akionekana na mabaka yasiyo na manyoya aonwe na daktari.

Wapo watakaosema, "Kwa nini usumbuke? Mchinje tu." Ni kweli nyama ya sungura ni halali kwa jamhuri ya wanazuoni. Anas bin Malik (RA) amesimulia kuwa Mtume (SAW) alipelekewa nyama ya sungura akaipokea. Lakini mnyama aliye mgonjwa bila kujulikana ugonjwa wake, au aliyepewa dawa siku chache zilizopita, nyama yake yaweza kumdhuru mlaji. Muulize daktari kwanza.

Ndugu msomaji, leo jioni kabla hujalala nenda kalitazame banda. Je, nyasi zimo? Maji yamo? Choo cha leo ni vidonge vikavu na vingi kama cha jana? Mwite na mwanao mtazame pamoja, umwonyeshe ya kuangalia. Mtoto anayejifunza kumtambua mnyama asiyeweza kusema kuwa anaumwa, amejifunza huruma itakayomfaa pia kwa watu.

Allah (SW) atuwezeshe kuzitunza amana zetu, zilizo kubwa na zilizo ndogo. Wabillahi tawfiq.