Udugu wa chuoni usiishie siku ya mahafali

Ndugu msomaji, kila ninapozungumza na vijana wetu wa vyuo vikuu juu ya kuihudumia jamii, hakosi mmoja wa kuniuliza: je, kuna la kujifunza kwa vile vyama vya wanafunzi wa Marekani ambavyo kwenye filamu kazi yao ni ulevi na fujo? Jibu langu ni kwamba lipo, na ni zito.

Vyama hivyo ni vya udugu. Vya wanaume huitwa fraterniti na vya wanawake sororiti, na vingi hujiita kwa herufi za Kigiriki. Cha kwanza, Phi Beta Kappa, kilianzishwa huko Virginia mwaka 1776. Kwa muda mrefu vyama vya Wazungu viliwafungia milango watu weusi. Ndipo wanafunzi weusi wakaunda vyao: Alpha Phi Alpha mwaka 1906 katika Chuo Kikuu cha Cornell, na Alpha Kappa Alpha, cha wanawake, mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington.

Tuitazame kazi moja tu ya hao wanawake. Mwaka 1935 Alpha Kappa Alpha ilipeleka madaktari, wauguzi na walimu wa kujitolea katika jimbo la Mississippi, wakiongozwa na Dk. Dorothy Ferebee. Weusi wengi huko walilima pamba katika mashamba ya watu, wakiwa fukara na bila matibabu. Kwa kuwa treni ziliwabagua, akina mama hao walisafiri kwa magari yao wenyewe. Walipofika, baadhi ya wenye mashamba wakakataa kuwaruhusu wafanyakazi wao kwenda kliniki. Hapo wangeweza kurudi makwao wakisema wamejaribu. Badala yake walipakia dawa na vifaa kwenye magari, wakaipeleka kliniki shambani. Watoto walichanjwa ndui na dondakoo, meno yakatibiwa, na wazazi wakafundishwa lishe bora. Wakawa wanarudi kiangazi baada ya kiangazi, mpaka miaka ya Vita Kuu ya Pili.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza, huduma ilimfuata mwenye shida pale alipo. La pili, na ndilo kubwa, waliokwenda Mississippi hawakuwa wanafunzi tu. Wengi walikuwa wahitimu wenye kazi zao. Katika vyama hivi uanachama ni wa maisha, na wahitimu wana matawi yao mijini yanayoendelea kuhudumia watu.

Sisemi kwamba kila kilichomo humo ni chema. Mwaka 2017, katika Chuo Kikuu cha Penn State, kijana wa miaka 19 alifariki baada ya kunyweshwa pombe nyingi na kuanguka katika usiku wa kupokelewa kwenye fraterniti. Desemba 2024 Marekani ilipitisha sheria inayovitaka vyuo kutangaza matukio ya unyanyasaji wa aina hiyo. Udugu unaojengwa kwa kumdhalilisha anayeingia hautazaa huruma kwa aliye nje.

Wapo Waislamu waliochuja. Mwaka 2013, katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas, vijana walianzisha fraterniti ya Kiislamu isiyo na pombe, Alpha Lambda Mu, jina linalotukumbusha Alif Lam Mim. Mwaka huohuo walijitokeza katika mkutano wa hadhara wa wanaume wanaopinga ukatili dhidi ya wanawake.

Na jambo lenyewe si geni kwetu. Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Yemen alidhulumiwa mali yake Makka. Baadhi ya viongozi wa Maquraishi wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa mpaka apate haki yake. Huo ndio mkataba wa Hilful Fudhul. Mtume (s.a.w.) alikuwepo akiwa kijana, na baada ya kupewa utume aliusifu, akasema angeitwa tena kwa mkataba kama huo angeitikia. Waliouasisi hawakuwa Waislamu, lakini wema wao haukukataliwa.

Sasa tujitazame. Jumuiya zetu za wanafunzi huchangamka mno chuoni: darsa, futari, ziara za vituo vya yatima. Kijana akishahitimu, huduma yake mara nyingi huishia palepale, wakati ndiyo kwanza amepata ujuzi na mshahara. Hiyo ni hasara kwa umma.

Napendekeza kila jumuiya iweke daftari la wahitimu wake, kwa fani na mtaa. Muuguzi apime shinikizo la damu msikitini mara moja kwa mwezi. Mwanasheria amsaidie mjane anayenyimwa mirathi. Mwalimu wa hesabu afundishe watoto wa kidato cha nne Jumamosi. Mhasibu akague vitabu vya madrasa. Haya hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mtu wa kuyapanga, na watu wanaokumbuka kwamba elimu waliyopewa ni amana.

Wabillahi tawfiq.