Usiwe Mlinzi wa Vyombo Nyumbani Mwako

Ziko nyumba ambazo ukiingia unakuta makochi mazuri, lakini yamefunikwa vitambaa, na juu ya vitambaa kumetandikwa shuka. Rimoti ya televisheni imevikwa nailoni mpaka nambari zake hazisomeki. Ndani ya kabati ya vioo mna vikombe vya maua ambavyo havijaonja chai tangu siku ya harusi. Watoto wamezoea kukaa sakafuni. Mgeni akiinua gilasi, mwenye nyumba humdunda moyo mpaka gilasi irudi mezani.

Kutunza mali si kosa. Wahenga walisema, kitunze kikutunze. Wengi wetu tumepata vitu vyetu kwa jasho: huyu kwa mkopo wa sacco, yule kwa kungoja zamu yake ya chama. Lakini katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya hofu isiyolala, ile inayomwambia mtu kila saa kwamba kitu chake kitavunjika, kitakwaruzwa au kitachafuka. Hofu hiyo ikiingia kati ya mume na mke, huharibu vitu vya thamani kuliko vyombo.

KUTUNZA NA KUOGOPA SI KITU KIMOJA

Kutunza kuna mwisho. Unafuta meza, unafunga kabati, unaenda kulala. Hofu haina mwisho. Unaamka usiku kuchungulia gari kama limekwaruzwa. Unapapasa kioo cha simu mara kumi ukitafuta ufa. Utunzaji hukisaidia kitu kifanye kazi yake kwa muda mrefu, lakini hofu hukizuia kisifanye kazi hiyo kabisa.

Tena hofu mara nyingi hutazama upande usiofaa. Anayemfokea mtoto kwa kukalia kochi huenda ameacha pazia wazi mchana kutwa, na jua ndilo linalokula rangi ya kitambaa. Anayekataza watu wasiguse friji huenda hajanunua kifaa cha kuikinga wakati stima inapopotea na kurudi kwa nguvu. Mbao huharibiwa na unyevu na mchwa kuliko mikono ya wageni. Na gilasi nayo? Chai ya moto ikimiminwa ghafla katika gilasi baridi, upande wa ndani hutanuka upesi kuliko ule wa nje, na gilasi hupasuka hata kama aliyeishika ni mwangalifu kuliko wote. Vuta pazia, nunua hicho kifaa, pasha gilasi kwa maji ya uvuguvugu kwanza. Ukishafanya hayo umetunza, na kinachobaki ni hofu tu.

HOFU HII YATOKA WAPI?

Kwanza, ni maumbile ya binadamu. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili kutoka Israeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walieleza kwamba kupoteza kitu hutuuma kuliko kunavyotufurahisha kupata kitu cha thamani ile ile. Mwaka 1990 Kahneman na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo kikuu huko Marekani. Baadhi ya wanafunzi walipewa kikombe kila mmoja. Wakaulizwa wangekiuza kwa bei gani, na wale wasio na kikombe wakaulizwa wangekinunua kwa bei gani. Wenye vikombe walitaka kiasi cha mara mbili ya bei ya wenzao. Kikombe kilikuwa kile kile, lakini kwa kuwa sasa kilikuwa "changu", thamani yake ilipanda moyoni.

Pili, yako mambo ya malezi. Aliyekulia katika nyumba yenye sufuria mbili tu, na akachapwa siku alipotoboa moja, hawezi kuona kikombe kikianguka na kucheka. Kwake, kila kitu kikivunjika ni kama ule umaskini unabisha mlangoni tena.

Tatu, wengine hawaogopi hasara. Wanaogopa maneno. Mke anaogopa mume atasema, "Hujui uchungu wa pesa." Mume anaogopa mke atasema, "Wewe kila ukigusa kitu!" Hapo kuumwa ni kwa maneno, wala si kwa kikombe.

INAVYOUMIZA JAMAA

Katika nyumba ya hofu watu hujifunza kuficha. Mtoto akivunja sahani, anafukia vipande nyuma ya choo. Mke ananunua sahani nyingine kimya kimya kwa pesa za sukari. Mume akikwaruza gari, anasema ni mtu asiyejulikana aliyeligonga kule mjini. Sahani hununuliwa tena sokoni. Lakini siku ukweli ukijulikana, mwenzako atajiuliza, "Kama alinidanganya kwa sahani, ni mangapi mengine?" Swali hilo halina duka la kulitengeneza.

MFANYE NINI?

1. Semeni wazi. Chagueni jioni moja watoto wakiwa wamelala. Mwenye hofu aseme, "Baba watoto, nikisikia kitu kikianguka natetemeka. Najua si kosa lako." Mwenzake asicheke, wala asihubiri. Amuulize tu, "Ulianza lini kuogopa hivyo?"

2. Kubalianeni mapema. Amueni, kabla chochote hakijavunjika, neno la kwanza litakalosemwa siku hiyo. Nyumba nyingi zingepona kama neno hilo lingekuwa, "Umeumia?" Habari ya gharama ingoje kesho.

3. Wekeni akiba ndogo ya kuvunjika. Kila mwezi tengeni kiasi msichokisikia sana, kiwe cha kutengeneza au kununua tena. Kitu kikivunjika, pesa yake ilikwisha kutengwa.

4. Kipeni kila kitu kazi yake. Anzeni na kidogo. Jumapili hii nyweni chai kwa vikombe vya wageni, ninyi na watoto. Juma lifuatalo ondoeni shuka juu ya kochi. Moyo utadunda. Acheni udunde. Hofu isiyokimbiwa hupanda, kisha hushuka yenyewe, na kila mara mkirudia, huwa inapungua.

5. Punguzeni kukagua. Kila ukikagua unatulia kidogo, na hofu inajifunza kuomba tena. Kama unaangalia simu kila dakika kumi, subiri nusu saa, halafu saa moja, halafu mpaka jioni. Mwenzi naye asiwe wa kujibu mara ishirini, "Haijapasuka, nimeangalia." Jibu mara moja kwa upole, kisha sema, "Nimeshakujibu mpenzi. Twende tukapike."

6. Acheni alama moja ibaki. Mkwaruzo wa kwanza wa meza usifunikwe. Mkizoea kuuona huo, wa pili hautawatisha sana.

IKIZIDI

Wakati mwingine mashauri ya nyumbani hayatoshi. Mtu akipoteza zaidi ya saa moja kila siku katika mawazo haya na kukagua, akikosa usingizi, akishindwa kazi, au akikataa wageni na hata watoto wake wasikaribie, huenda ni ugonjwa wa mawazo yanayojirudia yasiyozuilika. Si wazimu wala si uchoyo. Unatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, anayemzoesha mgonjwa polepole kukabili anachokiogopa, na pengine kwa dawa. Anzeni kwa daktari wa hospitali iliyo karibu, awaelekeze kwa wataalamu wa afya ya akili. Mwenzi amsindikize, asimtume peke yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Je, ni kitu gani katika nyumba yetu ambacho watoto wanakiogopa?
Mara ya mwisho kitu kilipovunjika, nilisema nini kwanza?
Kuna kitu nimewahi kukuficha kwa kuogopa maneno yako?
Kitu gani tulikinunua tukitumie, na bado hatujakitumia?

Mpenzi msomaji, swali la tatu ndilo gumu. Lisiulizwe kwa hasira, na atakayejibu kweli asiadhibiwe kwa kusema kweli. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo jingine litapatikana, maadamu wahunzi wawili bado wanaongea.